Asali ya Mama Panda

Bunia, Mudzipela, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Kwa mudogo wangu Isidore,

Nakusalimia sana kutoka nyumba yetu ya Mudzipela. Siye huku tunapumua, tunamushukuru Mungu. Mvua imekataa tangu Noeli, maharagi yamekauka mu shamba, lakini hatujalala njaa. Rafiki yako Ambroise amepata mutoto wa ine, anakusalimia, anasema umemusahau. Mama Kavira, ule wa vitambaa, anaenda Kampala kesho, njo yeye ataitia hii barua ku posta. Namba yako haipiti tena tangu mwezi wa kumi na moja. Kwanza nilifikiri ni réseau, mutandao wa Bunia. Nimejaribu na telefone za watu watatu, ni vile vile. Basi nimerudia karatasi na kalamu ya bic, sawa wakati wa wazee wetu.

Joëlle iko muzima. Anakaribia miaka kumi na moja, iko mu cinquième, darasa la tano. Ile picha ulituma, ya wale mapacha wa panda, dubu wa ile bustani ya wanyama kule Ulaya unakofanya kazi, ameibandika ku ukuta juu ya kitanda. Anajua walizaliwa mwezi wa munane 2020, anajua majina yao, Lan na Yun, anajua kilo zao kuliko anavyojua kugawanya. Ku masomo wenzake wanamucheka: «Panda! Panda muti basi!» Hakasiriki. Anawajibu: «Baba yangu njo anawakatia chakula. Baba yako weye anakatia nani?»

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa kumi tulienda pale walituita, infirmière, ule muuguzi, akamupitisha mutoto pamba mu kinywa, akaitia mu chupa. Wakasema ADN, kipimo cha kuonyesha baba, ikitoka, visa yake ya kukufuata itatoka pia. Nimeweka sanduku yake chini ya kitanda. Kila mara anaifungua, anatoa nguo zilizoanza kumubana, anatia zingine. Papier, zile karatasi za visa, zimefikia wapi? Utuambie tu, hata kama ni kungoja.

Yaya wako, dada yako mukubwa,
Pétronille

*

Valmoré, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Yaya Pétronille,

Barua imenifikia. Nafurahi kusikia muko wazima. Mimi niko muzima, baridi tu. Usalimie wa mutaa wote. Telefone yangu ilianguka mu ndoo ya maji ku kazi, na bado sijapata namba mupya. Papier, wako wanaziangalia. Mambo ya ambassade, ya ubalozi, unayajua.

Acha nikuambie kazi, juu ndiyo niko nayo ya kusema. Lan amefika kilo makumi nane na tano, Yun hajafika sabini na tano. Yun njo mudogo, na njo anatambua sauti yangu. Nikifika na mianzi asubuhi namusemesha Kiswahili, anatelemuka mu muti anakuja ku vyuma. Jérôme, mukubwa wa watunzaji, anasema ile mutoto ni Mukongomani.

Watu wanaokuja kuwaangalia hawajui vile walikomaa wote wawili. Panda akizaa mapacha, analea moja, mwingine anamuacha chini afe. Si ubaya, nguvu zake hazifike wawili. Na wanazaliwa wadogo sana, Yaya, rangi ya nyama, uzito wa machungwa moja. Lan alitangulia, mama akamubeba mu kinywa, akamuweka ku kifua. Yun alipofuata hakumuangalia. Jérôme akaingiza mukono mu vyuma, akamuchukua, akamutia mu sanduku ya joto.

Basi iko akili moja. Unamuletea mama bakuli ya maji ya asali. Anapenda asali kupita kiasi. Akiinamisha kichwa kunywa, unachukua mutoto ku kifua na kutia mwingine. Akimaliza kunywa anakuta mutoto, analamba, ananyonyesha. Tulifanya vile mara nyingi kila siku, miezi na miezi. Mimi nilikuwa naosha tu, lakini ile bakuli njo mimi nilikuwa naishika. Hakujua hata siku moja. Amelea wawili akifikiri ni moja. Jérôme alilia. Mimi pia.

Swali moja, Yaya. Siku bibi yangu Élise, marehemu, alizaa Joëlle, ni saa ngapi, na nani alikuwa pale? Unieleze vizuri.

Isidore

*

Bunia, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Mudogo wangu Isidore,

Salamu nyingi. Unisamehe kwa kukawia. Kavira alikuwa amekwama Aru siku nyingi ku mupaka na mizigo yake, kisha akapata malaria. Huku maneno ya vita yanasikika upande wa Djugu, watu wanaingia mu muji na magodoro ku kichwa. Siye tuko. Mwandiko wangu umeharibika kidogo, ni vumbi ya njia inaniingia mu macho, si kitu.

Joëlle amemaliza cinquième na asilimia makumi saba na moja, wa tatu mu darasa. Barua yako nilimusomesha yote. Ile hadithi ya asali ameirudilia mutaa muzima, mupaka kwa muuza mukate.

Umeuliza siku ya kuzaa. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa pale mimi. Élise hakuwa na ndugu hapa Bunia, unajua. Mambo ya maternité, ya chumba cha kuzalia, si ya kuandikia mwanaume.

Unipe habari za papier. Ninamuachia mutoto nafasi hapa chini.

Pétronille

«Papa, ni mimi Joëlle. Asante kwa habari za Yun. Nina swali. Ule munayemutia mu sanduku ya joto, analia? Na akilia, mama yake hasikii? Mimi ningesikia. Tena nimejifunza bonjour madame, na kufunga mushipi wa avion, ile ndege, Mama Kavira alinionyesha na kitambaa. Unisalimie Yun, umwambie mwaka huu tutaonana.»

*

Valmoré, tarehe 2 mwezi wa kenda 2024

Yaya,

Nakusalimia. Soma hii peke yako, usimupe mutu.

Telefone yangu haikuanguka mu maji. Majibu ya ADN yalitoka mwezi wa kumi na moja. Mutoto ule si wangu. Hawakuandika «labda». Waliandika zéro. Nilikata namba juu sikutaka kusikia sauti yake akiniita Papa.

Nilienda Ulaya nikimuacha Élise na mimba ya miezi mitatu. Miaka kumi na moja nimelala mu chumba ambamo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, nikisema: niko na mutoto. Sasa najua. Alikuwa malaya, na alikufa mbele sijamuuliza. Picha yake nimeitupa mu takataka za panda, pamoja na mavi yao. Mwanaume ni nani? Najua ni Ambroise. Nani mwingine alikuwa anaingia na kutoka? Nimemuandikia yeye na bibi yake. Amuchukue mutoto wake.

Na weye uliona tumbo, uliona siku. Nimekuuliza mu mwezi wa tatu, umenijibu sawa unajibu polisi.

Usimwambie mutoto. Mwambie ambassade imekataa, basi. Kama anataka habari ya panda, hii hapa. Lan na Yun wanarudishwa China mwezi wa kwanza. Mapatano ni vile, hata wakizaliwa huku si wa huku. Wameleta masanduku mawili ya chuma, na njo mimi nimepewa kazi ya kuwazoeza kuingia, juu wananiamini. Natia kipande cha apple ndani, naita kwa Kiswahili. Lan ameisha kuzoea. Yun anatia kichwa, ananiangalia, anarudi nyuma. Naita tena. Atazoea.

Isidore

*

Bunia, tarehe 25 mwezi wa kumi 2024

Isidore,

Salamu. Tuko wazima wa mwili. Bibi ya Ambroise amerudi kwa wazazi wake Mahagi-Port na watoto wote ine, juu ya barua yako. Ambroise alikuja hapa, akasimama mu kiwanja, akasema: «Mama Pétronille, nimemukosea nini?»

Uliandika nisome peke yangu. Hukujua kitu moja. Macho yangu yamekufa. Munganga anasema ni mutoto wa jicho. La kushoto haliko tena, la kuume linaona kivuli. Tangu mwezi wa saba Joëlle njo ananisomea kila karatasi. Sikukuambia, niliogopa utasema mutoto amekuwa fimbo ya kipofu.

Tulikuwa ku mulango tunachambua sombe, majani ya muhogo. Kavira alikuwa ameileta ile saa. Joëlle akapangusa mikono, akafungua, akasoma salamu. Alipofika pa «soma hii peke yako» alicheka, akasema: «Peke yako na mimi.» Akaendelea. Akasoma «mutoto ule si wangu». Nikanyoosha mukono kumupokonya karatasi, nikashika hewa. Akaendelea kusoma, Isidore, sauti haikutetemeka, sawa anasoma mbele ya mwalimu. Akasoma lile tusi ulimutukana mama yake. Akasoma mavi ya panda. Akasoma apple na sanduku, akasoma jina lako chini. Akakunja karatasi, akaniuliza: «Chumvi iko wapi?»

Kesho yake aliondoa picha ku ukuta. Hakuipasua. Aliigeuza, akaandikia hesabu nyuma.

Sasa sikia yangu. Barua hii naiandika mimi mwenyewe, herufi kubwa, pua ku karatasi, siku ya tatu leo. Nayo ataipeleka Kavira imefungwa.

Élise hakukukosea kitu. Ambroise hakukukosea kitu. Élise alizaa binti, tukamuita Joëlle sawa ulivyotaka. Mutoto alipumua tangu asubuhi mupaka saa sita, akaacha. Ku kitanda cha pembeni kulikuwa na bibi moja mukimbizi wa upande wa Gety, alifika kwa muguu, peke yake, hakuna mutu wa kumuletea hata uji. Naye alizaa binti siku ile ile. Mbele ya jua kuzama ile bibi alikufa. Infirmière alisimama na mutoto mu mikono, akasema: «Na huyu, nani atamuchukua?»

Élise alikuwa anawaka homa. Alikuwa anaita mutoto wake. Alikuwa anaita, anaita. Nikachukua ule wa infirmière, nikamulaza ku kifua cha Élise. Alimunyonyesha mara mbili. Alikufa siku ya pili, mukono wake ukiwa ku mugongo wa mutoto. Alikufa akijua anakuachia mutu.

Mupaka pale Mungu anaweza kunisikiliza. Kisha mazishi nilipaswa kukuambia. Ulipiga telefone, ukasema: «Yaya, sasa niko na sababu ya kuishi.» Hiyo njo nilijifichia ndani yake. Ukweli ni huu. Nilikuwa na miaka makumi tatu na munane, bwana wangu alikuwa amenirudisha nyumbani juu ya kukosa uzazi. Nilimutaka. Nilimubeba ku mugongo kutoka maternité, na kabla ya kufika Mudzipela alikuwa wangu.

Uliposimulia asali, nilikaa na barua yako ku magoti mupaka sombe ikaungua.

Joëlle hajui haya. Anajua tu yale uliyoandika. Umuandikie Ambroise. Umuandikie bibi yake pia. Haraka.

Pétronille

*

Valmoré, tarehe 15 mwezi wa kwanza 2025

Pétronille,

Salamu. Nilisoma barua yako siku nyingi, nikaiweka, nikaisoma tena. Nimemuandikia Ambroise na bibi yake. Hawajajibu.

Mutoto wangu aliishi nusu siku, na mimi nimemununulia zawadi ya siku ya kuzaliwa mara kumi. Weye ulikuwa unasema mu telefone: «Ameota meno, ana meno yako.» Meno yangu! Nilikuwa naenda kuyaangalia mu kioo. Élise nimemuomba musamaha kwa sauti, peke yangu, mu chumba, na hata picha yake sina tena. Nilirudi kuitafuta mu pipa siku barua yako ilifika. Pipa inamwagwa kila siku ya ine.

Kuhusu ule binti. Sheria haiwezi kunipa visa yake. Sasa nikuambie yote, hata kama sheria ingeweza, singeweza. Kila nikimuona ningehesabu. Umulee, umemutaka. Umwambie ukweli weye mwenyewe, hiyo kazi si yangu.

Wale wawili wameenda. Ilikuwa siku ya pili ya mwaka, baridi inakata masikio. Lan aliingia mu sanduku yake sawa anaingia kulala. Yun alikataa. Jérôme akaniambia: «Muite weye.» Nikamuita. Akaja. Alipita karibu yangu mupaka nikasikia pumzi yake ku mukono, akaingia, nikafunga mulango mimi mwenyewe. Watu walikuwa wanapiga picha, watoto wanapunga vibendera. Mama yao walikuwa wamemupeleka upande mwingine asione. Aliita siku mbili, siku ya tatu akala.

Jérôme aliwafuata mupaka kule. Alinipigia telefone juzi. Wametengana, kila moja na uzio wake. Lan anakula. Yun hali, anakaa pembeni, mugongo ku watu. Akaniomba nitie sauti yangu mu telefone, watamusikilizisha. Nilisema Kiswahili dakika makumi mbili. Sikujua nina maneno mengi vile. Jérôme anasema Yun alisikia, akainuka, akazunguka uzio wote kutafuta, akarudi pembeni. Lakini kesho yake alikula.

Nataka kitu moja kwako. Mutoto wangu mulimuzika wapi? Uniandikie pahali, na alama.

Isidore

*

Bunia, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Isidore,

Nakusalimia. Anayeandika ni Joëlle. Mimi nasema maneno, yeye anayatia ku karatasi. Nilimwambia nitamutafuta mutu mwingine wa kuniandikia. Akasema hapana, atayaandika yote, hata yanayomuhusu.

Kavira alitia barua yako mu mikono ya mutoto njiani, anatoka ku masomo. Aliifungua palepale. Alifika nyumbani, akaketi, akanisomea kutoka mwanzo. Alisimama mara moja tu, pale pa kumutilia panda sauti mu telefone. Akasema: «Ana telefone, basi.» Akaendelea mupaka jina lako.

Ndiyo vile alijua; habari ya ile bibi wa kitanda cha pembeni nilimwambia mimi usiku ule. Ulisema kumwambia ilikuwa kazi yangu. Ni kweli. Nilikuwa nangoja amalize examen ya sixième, mutihani wa darasa la sita.

Hakunilaumu. Alingoja siku ya Mungu, akavaa robe ya misa, akasema: «Twende unionyeshe Joëlle.» Nilifikiri anasema juu yake mwenyewe. Kisha nikaelewa. Akanishika mukono kutoka hapa mupaka makaburi. Nilijua tulimuweka ku muguu wa Élise, na Élise alikuwa karibu na uzio wa miti. Joëlle akatafuta uzio, hakuna. Nyumba za wakimbizi zimefika mupaka pale, baches nyeupe za turubai, moja karibu na ingine. Nikamwambia: hesabu hatua makumi mbili kutoka njia kubwa. Akahesabu, akasimama. Akaniambia kuna bibi anaosha masufuria. Akamusalimia ile bibi, akamuomba ruhusa, akamwambia chini ya nyumba yake kuna watu wetu wawili. Bibi akalia, akasema: «Binti, siye hatukujua, tulikuta majani tu.» Joëlle akamwambia si neno, aendelee kuosha.

Basi jibu lako ndilo hilo. Hakuna alama. Kuna bache.

Tukakaa pale pembeni ku jiwe. Joëlle akasema: «Huyu ndiye Joëlle. Na mama yangu mimi, mulimuzika wapi?» Nikasema sijui, maternité walimupeleka na wengine wasio na mutu. Nilisikia anavuta majani.

Akaniuliza: «Jina lake?»

Isidore, nililala chini kati ya vile vitanda viwili siku mbili. Ile bibi ndiye aliniamusha Élise alipoanza kuumwa. Alikuwa na chupa moja ya maji, akanipa nimupanguse Élise uso, maji yake yenyewe, na yeye uchungu umemushika. Aliniuliza naitwa nani. Nilimwambia. Aliniita Pétronille mupaka kufa kwake, aliniita hata pale sauti ilikuwa inakwisha, na mimi nilikuwa nimemugeuzia mugongo, naangalia wangu.

Sikumuuliza jina.

Nilimwambia Joëlle vile vile, maneno hayo. Sikuona uso wake. Akaniinua, akanipangusa udongo ku liputa, kile kitenge changu, akanirudisha nyumbani pole pole, ananionyesha mashimo ya njia sawa siku zote. Tangu siku ile haniite tena Mama. Ananiita Mama Pétronille, sawa majirani.

Ku masomo wamegawa fiche, karatasi za kujiandikisha examen. Pale pa baba ameacha wazi, pale pa mama ameacha wazi. Directeur ameirudisha mara mbili, anasema haipokelewi vile. Ameirudisha wazi tena.

Nimemuuliza kama anataka kukuongezea neno hapa chini. Anasema karatasi imejaa. Mimi sioni kama ni kweli.

Pétronille